Itaendelea: Wasomaji wa Kariakoo na Ubashiri wa Hadithi za Mfululizo



Neno nililoliweka juu ya mhadhara huu wengi wenu mmelisoma mara nyingi kuliko mlivyolisikia likitamkwa. Lilikuwa likichapwa chini ya ukurasa, pembeni, mara nyingine katika mabano. Msomaji alilifikia akiwa bado na pumzi kooni: mlango umefunguliwa na aliyeufungua hajaonekana, au risasi imelia na hatujui imempata nani. Itaendelea. Kamusi zetu zinalirejesha neno hili kwenye kitenzi ‘endelea’ na kuliacha hapo, nazo hazikukosea. Lakini kwa miongo mingi, katika mitaa ya jiji hili, neno hilo lilikuwa ishara ya kuanza kazi, na kazi hiyo ilifanywa na watu ambao historia ya fasihi yetu haikuwaandika. Hawakuwa watunzi, hawakuwa wahakiki, wala hawakuacha karatasi. Walikuwa wasomaji waliokaa mbele ya duka na kubashiri.

Kwa ‘ubashiri’ sikusudii utabiri wa mnajimu. Nakusudia lile tendo la hadhira kujaza pengo lililoachwa na mtunzi kati ya toleo moja na jingine: nani kaua, mtoto ni wa nani, yule mgeni katoka wapi, ni binadamu au si binadamu. Katika hadithi zenye majini, mizimu na watu wanaogeuka wanyama, kazi hii ina ugumu wa pekee, kwa kuwa sheria za ulimwengu wa hadithi zenyewe hazijulikani. Msomaji hana budi kwanza abashiri kanuni, kisha abashiri tukio.

Eneo ninaloliangalia ni dogo. Linaanzia Kariakoo, mahali panapochukua jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, linapita Mnazi Mmoja na Posta, na kuishia Magogoni, penye soko la samaki na kivuko cha kwenda Kigamboni. Mtu mwenye miguu mizuri hulitembea kwa chini ya saa moja. Nimelichagua kwa sababu ya kitaaluma, kwamba ndipo magazeti yalipochapwa na kuuzwa, na kwa sababu nyingine isiyo ya kitaaluma, nayo ni kwamba ndipo nilipojifunza kusoma kwa sauti mbele ya watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baba yangu mdogo alikuwa na cherehani mbili katika baraza moja ya Mtaa wa Mkunguni. Mimi, kwa kuwa nilikuwa katika sekondari na nilisifiwa kwa kusoma bila kukwama, nilipewa kazi ya kuwasomea mafundi na wateja. Nakala ilinunuliwa moja, kwa mchango. Gazeti lenyewe sitalitaja. Lilikuwa mojawapo ya yale magazeti madogo yaliyotoka mwezi huu yakapotea miezi mitatu. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya picha iliyotushika kuliko zote. Katika toleo la kwanza duka la mzee mmoja tajiri linaungua usiku. Katika toleo la pili mwanamke asiyejulikana anashuka kutoka basi la mwisho na kuomba kazi kwa mzee huyo huyo, ambaye sasa amefungua duka jipya. Tangu hapo mambo yakaanza kuharibika: fedha zinatoweka, mbwa wanalia, mtoto wa mzee anaanza kuota ndoto moja kila siku.

Aliyeligundua jambo lenyewe alikuwa utingo mmoja wa lori, kijana asiyejua kusoma vizuri, na labda ndiyo sababu alitazama picha kwa makini kuliko sisi tuliokimbilia maneno. Alisema: “Huyu mama mbona haonyeshwi miguu?” Tukarudi nyuma, picha moja moja. Ni kweli. Mara gunia la mkaa limesimama mbele yake, mara sinia la ndizi, mara kaunta ya duka, mara pindo la kanga linaburuza chini. Katika matoleo manne, hakuna picha hata moja iliyoonyesha nyayo za mwanamke yule.

Kwa wiki kadhaa baraza ile haikuwa na mjadala mwingine. Utingo na wengi wa vijana walishika kwamba ni jini, na ya kuwa chini ya kanga mna kwato. Kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kusikia habari ya mwanamke mzuri wa usiku mwenye kwato. Kwa hiyo dhana hii ilikuwa na nguvu ya mapokeo. Mchora mabango mmoja aliyekuwa akiletea kaptula zake kushonwa akaipinga kwa hoja ya kiufundi: “Msimtafutie jini wa bure. Miguu ni kazi ngumu kuchora. Mimi mwenyewe nimemchora kinyozi kwenye kibao, nikaificha miguu nyuma ya kiti.” Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeweza kuivunja hoja hiyo, nami hadi leo naiona kuwa hoja nzito: mbashiri mzuri lazima aweze kutofautisha dalili na udhaifu wa fundi.

Dhana ya tatu ilitoka kwa fundi mzee aliyeshona kanzu. Hakusema kitu kwa siku nyingi. Kisha akaniambia, “Mwanangu, hebu nisomee tena pale duka linapoungua.” Nikasoma. Akasema: “Tumeonyeshwa moto, hatukuonyeshwa nani alikuwa ndani. Huyu atakuwa mke wa kwanza wa mzee. Amedhaniwa amekufa. Miguu imeungua.”

Naomba tusimame kidogo kwenye sentensi hiyo, kwa kuwa mimi ni mwanaisimu na siwezi kuipita. Fundi hakusema ‘huyu ni mke wa kwanza’. Hakusema wala ‘huenda huyu akawa mke wa kwanza’. Alisema ‘atakuwa’. Kiambishi -ta-, ambacho wanaisimu wengi wanakihusisha na kitenzi ‘taka’, tunakifundisha madarasani kuwa cha wakati ujao. Lakini katika ‘atakuwa’ ya fundi hamna ujao wowote. Mwanamke yule ama alikuwa tayari mke wa kwanza au hakuwa. Kilicho mbele ni uthibitisho: nikitazama baadaye nitakuta kwamba ndivyo. Kwa maneno mengine, kiambishi kile kile alichokitumia mhariri kuahidi (‘itaendelea’) msomaji alikitumia kukisia. Ahadi na kisio vilikutana katika silabi moja, chini ya ukurasa mmoja.

Vijana nao walikuwa na sarufi yao. Walipopinga dhana ya utingo walisema, “Angekuwa jini asingepanda basi.” Mwalimu wangu wa sarufi, mtu wa pwani ya kaskazini, angetaka ‘hangepanda’, Dar es Salaam ilikwisha kuchagua ‘asinge-’ bila kumwuliza. Alama ya -ngali-, ambayo vitabu vyetu vinaiweka kwa sharti lililokwisha kupita, sikuisikia kabisa barazani. Mtu asiyekubali dhana ya mwenzake aliweka ‘eti’ mbele yake: “Eti ana kwato!” Na siku dalili mpya ilipoonekana, neno lilikuwa ‘kumbe’. Sijui lugha nyingi zenye neno fupi namna hiyo kwa ajili ya mtu anayegundua kwamba alikuwa amekosea na anafurahi.

Lakini umbo lililo muhimu zaidi kwa hoja yangu ni la mtu anayesema ‘huenda’. Mtu akianza na ‘huenda’ katika Kiswahili, kitenzi kinachofuata aghalabu huchukua -ka-: huenda akarudi, akamwita mzee, akavua viatu, akamwonyesha. Tazameni kilichotokea. Kiambishi -ka- ni cha msimulizi. Ndicho kinachobeba ngano zetu zote kutoka tukio hadi tukio. Mbashiri akikwisha kutamka ‘huenda’ mara moja, mlango umefunguka, na baada ya hapo anazungumza kwa sarufi ya fanani. Kinachotenganisha kisio na hadithi ni neno moja tu, tena limekaa mwanzoni, mahali ambapo ni rahisi kudondoka. Nitalirudia jambo hili.

Desturi hii haikuzaliwa na magazeti ya picha. Sote tumekulia katika kitendawili. Mtegaji husema “Kitendawili!”, hadhira hujibu “Tega!”, na wakishindwa hudaiwa mji. Wanampa mji, naye anapokea, anatoa jibu. Nionavyo mimi, hadithi ya mfululizo ni kitendawili kilichogeuzwa kuwa biashara. Mtegaji hayupo barazani. Na mji anaupokea kwanza, kwa bei ya toleo lijalo, kabla hajatoa jibu. Hadhira ya Kariakoo ilielewa mkataba huo vizuri. Haikuudhika kwa kusubiri.

Chapa ya Kiswahili ilianza mapema kuutumia mkataba huo. Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika hapa Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, lilichapa hadithi kwa vipande, na kurasa zake za mashairi zikawa uwanja wa mafumbo. Mshairi alitupa fumbo. Majibu yakaja baada ya wiki au miezi, kwa mizani na vina vile vile, kila mjibuji na jina lake na mahali atokapo. Mapokeo hayo yaliendelea katika magazeti yaliyofuata, na Mathias Mnyampala (1917–1969) aliyajengea utanzu wa ngonjera. Hapo ndipo ubashiri wa hadhira ulipopata bahati ya kuchapwa. Tunajua nani alijibu nini. Mwanafunzi wa leo anaweza kuketi maktabani akafuata fumbo moja hadi lilipofumbuliwa. Kwa nathari haikuwa hivyo. Aliyebashiri hadithi hakutakiwa kuwa na mizani, na kwa hiyo hakuna mhariri aliyemtengea safu.

Baadaye idadi ya wasomaji ikaongezeka haraka kuliko vitabu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata iliwapa kusoma mamilioni ya watu ambao hawakuwa na cha kusoma baada ya kitabu cha kilimo bora. Riwaya pendwa ilikuwepo, ni kweli. Muhammed Said Abdulla alikwisha kushinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na Bwana Msa wake ndiye mbashiri mkuu wa fasihi ya Kiswahili. Faraji Katalambula alikwisha kutoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Lakini kitabu ni ghali, na zaidi ya hayo kitabu kina jibu ndani yake. Mwenye haraka hufungua ukurasa wa mwisho. Gazeti lilikuwa rahisi, na ukurasa wake wa mwisho ulikuwa bado haujaandikwa. Katalambula mwenyewe aliliona hilo alipotoa Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha za kamera. Kisha likaja Sani, lililochukua jina lake kutokana na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, likatupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na yule mtoto mtundu Madenge. Vituko vya Madenge vilikwisha pale pale na kuacha kicheko. Hadithi ndefu ndizo zilizoacha swali.

Kwa haki, nafasi ya ukata katika historia hii isidharauliwe. Baada ya vita vya Uganda vya 1978–79 nchi ilikosa fedha za kigeni, na karatasi ikawa bidhaa adimu kama sabuni. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hakikuanza uzalishaji hadi 1985. Gazeti lililotakiwa kutoka kila mwezi lilitoka lilipopata karatasi. Nimefundisha taharuki kwa miaka mingi kama mbinu ya mtunzi, na ni sharti nikiri kwamba taharuki iliyotushika sisi Mtaa wa Mkunguni ilitengenezwa zaidi na upungufu wa karatasi. Pengo la wiki moja huzaa kisio. Pengo la miezi minne huzaa madhehebu.

Niongeze neno juu ya sinema, kwa kuwa vijana wa baraza walikuwa watu wa Avalon, Empire na New Chox kabla ya kuwa watu wa magazeti. Kutoka huko walileta istilahi mbili ambazo kwangu mimi ni nadharia kamili ya msuko: staringi na adui. Staringi hafi. Kanuni hiyo ilitumika kama mhimili wa hoja, jinsi mwanafikra anavyotumia msingi usiohitaji kuthibitishwa: huyu ni staringi, staringi hafi, basi hawezi kuwa amekufa kwenye moto. Fundi mzee, ambaye hakwenda sinema, ndiye peke yake aliyeuliza swali lililoifanya kanuni hiyo iyumbe: “Mmejuaje kuwa staringi ni mzee? Labda staringi ni yule mama.” Baraza ilinyamaza. Katika miaka yangu yote ya semina za nadharia ya usimulizi sijasikia swali lililogeuza mjadala namna hiyo.

Toleo la saba lilikuwa la mwisho. Mwanamke anasimama mlangoni usiku, mzee anainua taa ya chemli, mwanga unashuka kuelekea sakafuni. Itaendelea. Haikuendelea. Tulisubiri mwaka mzima, na kila nilipopita kwa wauza magazeti niliuliza, mpaka wakawa wananijibu kabla sijafungua mdomo. Mtegaji alikuwa ameuchukua mji akaondoka nao.

Miaka ishirini na kitu baadaye, mwaka 2004, nilikuwa katika matanga ya jirani huko Temeke. Usiku watu wakazungumza ya zamani, na mtu mmoja wa rika langu, ambaye sikuwahi kumwona, akaanza kusimulia hadithi ya picha aliyoisoma ujanani. Mwanamke, basi la mwisho, duka. Nikasogeza kiti. Akafika mlangoni na ile taa. Wala hakusita: “Basi, yule mama akaketi, akavua viatu, akamwonyesha mzee nyayo zilivyoungua. Mzee akaanguka pale pale.” Nilimwuliza kama aliisoma mwenyewe au alisimuliwa. Alikasirika kidogo. Aliisoma kwa macho yake, alisema, na picha ya mwisho ilikuwa chini upande wa kushoto, taa imelala sakafuni.

Niliondoka pale nikiwa na mashaka juu ya kumbukumbu yangu, si yake. Nikaanza kutafuta. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na makusanyo ya vyuo vikuu ndiyo mahali pa kwanza pa kwenda. Lakini magazeti ya namna ile wachapishaji hawakuyapeleka yote, na yaliyopelekwa yalisomwa hadi yakachanika. Kati ya matoleo saba nilipata manne, moja likiwa kwa muuza vitabu vikuukuu na limekatwa ukurasa mmoja wa katikati. Mwishowe nilimpata mchoraji mwenyewe. Alinithibitishia kwamba toleo la nane halikupata kuchorwa. Nilimwuliza, kama mtu aliyesubiri tangu utoto, chini ya kanga mlikuwa na nini. Alisema alikuwa bado hajaamua. Alianza kuificha miguu kwa bahati tu, akasikia watu wanaizungumzia, akaendelea kuificha. Nikamweleza dhana ya fundi mzee. Akaniomba niirudie.

Basi yule bwana wa Temeke alisoma nini? Jibu langu ni la kisarufi. Mahali fulani, katika baraza yetu au nyingine, kwa maana hoja hizi zilisafiri na mafundi na makondakta, mtu alisema: “Huenda akaketi, akavua viatu, akamwonyesha nyayo.” Msikilizaji aliibeba sentensi hiyo nyumbani. Kadiri miaka ilivyopita, ‘huenda’ ikadondoka. Kilichobaki ni akaketi, akavua, akamwonyesha, ambavyo havitofautiani hata kwa herufi moja na usimulizi wa jambo lililotokea. Lugha inayolazimisha kitenzi cha kisio kiwe na umbo lake hadi mwisho wa sentensi ingeliacha kovu. Kiswahili hakikuacha. Sarufi yetu inaruhusu ubashiri ukomae ukawa hadithi, na mtu asiye mwongo akaapa kwamba ameisoma.

Naleta jambo hili mbele yenu si kwa sababu ya hadithi moja. Mtafiti anayekusanya leo historia ya usomaji kwa mahojiano, na wanafunzi kadhaa humu ukumbini wanafanya hivyo, anakusanya pamoja na matini yale ambayo wasomaji waliyatunga wakisubiri matini. Akiyalinganisha na nakala iliyochapwa na kuyafuta yasiyolingana kuwa ni makosa ya kumbukumbu, atakuwa amefuta kitu pekee kilichobaki cha kazi ya wasomaji hao.

Nchi nyingine zilibahatika. Eugène Sue alipokuwa akitoa Les Mystères de Paris katika gazeti la Journal des Débats, kati ya 1842 na 1843, wasomaji walimwandikia wakimsihi, wakimlaumu, wakimpa habari za maisha yao. Mamia ya barua hizo yamehifadhiwa na kuchapishwa. Charles Dickens alipofariki Juni 1870 akiwa nusu ya safari ya The Mystery of Edwin Drood, swali la nani aliyemwua Drood, na kama aliuawa kweli, lilizaa vitabu vizima. Mwaka 1914 ikafanywa hata kesi ya kuigiza jijini London, G. K. Chesterton akiwa hakimu na Bernard Shaw akiwa kiongozi wa baraza la wazee. Sina hakika kwamba wabashiri wale walikuwa hodari kuliko mchora mabango wetu. Tofauti ni kwamba walikuwa na stempu.

Redio nayo ilipata kuwa na baraza zake. Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwezi wa Julai 1993, ulimfuata dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu, na watafiti waliuchunguza kwa makini sana: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili lilinganishwe na maeneo mengine. Swali lao kuu lilikuwa kama wasikilizaji wamebadili mwenendo katika uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Ni swali la maana, na lilihusu uhai wa watu. Lakini kabla Mkwaju hajaugua, watu waliokuwa wakimsikiliza madukani walikuwa wakijadili kila juma ataishiaje, na mjadala huo ndipo mahali ambapo mtu alijipimia maisha yake mwenyewe bila kuulizwa. Ningetoa mengi kupata kanda ya mazungumzo ya nusu saa baada ya kipindi.

Enzi ya magazeti binafsi, iliyoanza na mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikaribia kuziba pengo hilo. Eric Shigongo alijenga magazeti ambayo hadithi za mfululizo zilikuwa nguzo yake. Rais Anampenda Mke Wangu ilikuwa ikisubiriwa vituoni. Mtafiti wa Kijerumani Uta Reuster-Jahn aliandika juu yake mwaka 2008, pamoja na mahojiano, katika jarida la Swahili Forum, na ni fedheha kidogo kwetu kwamba ilitubidi tulisome jambo la Kariakoo kutoka huko. Katika miaka hiyo simu ya mkononi iliingia, na nambari ya mtunzi ikaanza kuchapwa chini ya hadithi, jirani na ‘itaendelea’. Kwa mara ya kwanza msomaji wa nathari angeweza kumpelekea mtunzi kisio lake kabla ya jibu kutoka. Ujumbe huo uko wapi leo? Uko katika simu zilizouzwa, zilizoibwa na zilizotumbukia majini.

Mwenzangu mmoja, mhakiki ninayemheshimu, amewahi kuniambia kwamba ubashiri ni porojo, na porojo si fasihi. Huenda. Lakini tukikubali kwamba kitendawili ni fasihi simulizi, nasi tunakubali, kwa kuwa tunakitungia mitihani, basi sioni kwa nini upande wa anayetega uwe fasihi na upande wa anayetegua uwe porojo. Na tukingoja kulimaliza swali hilo kwenye makongamano, fundi mzee amekwisha kufa, utingo simjui aliko, na bwana wa Temeke tulimzika miaka michache baadaye. Baraza ya Mtaa wa Mkunguni ni ghorofa. Soko kuu la Kariakoo lenyewe, lile la Beda Amuli la mwaka 1975, liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, na kati ya nilivyoviwaza usiku ule ni wauza magazeti makuukuu wa mitaa inayolizunguka, na kile kilichokuwa katika maboksi yao.

Hivi karibuni nilikuwa Magogoni nikisubiri pantoni. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Mbele yangu wasichana wawili walikuwa wameinamia simu moja, wakisoma hadithi ya picha ya Kiswahili inayotolewa kwa vipande, yenye jumba la chini ya bahari na mtoto asiyekuwa na kivuli. Walikuwa wamefika mwisho wa kipande. Mkubwa aliirudisha picha nyuma kwa kidole, mara mbili, mara tatu, akaikuza. “Tazama ukuta wote,” akasema. “Hata mama yake hana kivuli. Huyu mama atakuwa...”

Lango likafunguliwa, umati ukasukuma, nao wakatangulia na simu yao.